Namna ya Kuwatunza Wanafunzi Kihisia na Kijamii Shuleni: Mwongozo kwa Walimu

Mwanafunzi anayepiga kelele darasani hupata msaada mapema. Ataitwa ofisini, mzazi wake ataitwa, na walimu watamjadili hadi mapumziko yaishe. Anayeumia kimya kimya ndiye anayetupita. Daftari lake ni safi, alama zake ni za wastani, hana kesi na mtu. Halafu siku moja unaletewa habari zake na unabaki kujiuliza ulikuwa unaangalia wapi. Nimeuandika mwongozo huu nikimfikiria huyo kwanza. Mkorofi naye tutamfikia.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya kila vijana saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja anaishi na tatizo la afya ya akili. Kwa darasa la wanafunzi 42, hao ni kama sita. Waongeze waliofiwa, ambao nyumbani kwao kunagombwa kila usiku, wanaotaniwa kwa maumbile yao, wasio na hata rafiki mmoja wa kula naye. Mwalimu mmoja wa ushauri nasaha hawezi kuwabeba wote peke yake, hata awe hodari kiasi gani. Kazi lazima ianzie kwa mwalimu wa darasa na mwalimu wa somo. Haihitaji fedha nyingi, inahitaji utaratibu unaofuatwa bila kuachwa njiani.

Hatua ya 1: Bandikeni orodha ya majina

Tengeni kikao kimoja cha walimu, dakika 40 zinatosha. Andikeni majina ya wanafunzi wote kwenye karatasi kubwa na kuyabandika ukutani, mlango ukiwa umefungwa na wanafunzi wakiwa mbali. Kila mwalimu apite na kalamu. Aweke nukta mbele ya jina la mwanafunzi anayemfahamu nje ya alama za mtihani: anaishi na nani, anapenda nini, rafiki yake ni nani. Kisha aweke msalaba mbele ya jina la mwanafunzi ambaye anaamini, kwa dhati, kwamba akipatwa na shida angemwendea yeye.

Mkimaliza, rudini nyuma mtazame. Wapo wenye nukta saba na misalaba mitatu. Hao ni viranja, wanamichezo, wenye akili nyingi darasani, na wale watukutu ambao kila mtu ana hadithi yao. Halafu kuna majina matupu. Mara ya kwanza niliposhiriki zoezi hili chumba kizima kilinyamaza, kwa sababu majina matupu yalikuwa mengi kuliko alivyotarajia yeyote kati yetu. Baadhi yao nilikuwa nimewafundisha miaka miwili.

Nakilini majina hayo, kisha karatasi ichanwe. Gawaneni: kila mwalimu achukue watatu au wanne. Mwanafunzi asiambiwe kwamba amepangiwa mtu, maana urafiki wa kupangiwa humwaibisha mtoto kuliko upweke wenyewe.

Sasa ufanye nini na hao wanne wako? Ipo mbinu inayohusishwa na Raymond Wlodkowski, mtaalamu wa masuala ya motisha ya kujifunza: dakika mbili kwa siku, siku kumi mfululizo, zungumza na mwanafunzi mmoja kuhusu jambo lolote lisilokuwa masomo wala nidhamu. Mchezo aupendao, mdogo wake, kitabu alichokishika mkononi. Siku tatu za mwanzo atakujibu "ndiyo", "hapana" na "sijui". Usikate tamaa siku ya nne, maana ndipo anapoanza kuamini kwamba hukuja kumchunguza.

Hatua ya 2: Simama mlangoni

Fika kabla yao, simama mlangoni, mwite kila mmoja kwa jina lake anapoingia. Kama jina linakushinda kutamka, mwombe akufundishe na usirudie kulikosea. Ukizoea kuwatazama usoni kila asubuhi, siku ambayo mmoja ameingia na macho mekundu au amepita ukutani kama kivuli, utaijua kabla hujafungua daftari la mahudhurio.

Hatua ya 3: Wape maneno

Lugha yetu ina adabu ambayo hapa hutukwamisha. Ukimwuliza mtoto "hujambo?" atasema "sijambo". Ukimwuliza "habari za nyumbani?" atasema "nzuri", hata kama jana usiku hakulala. Jibu limekwisha kuandaliwa, na kulivunja huonekana kama kukosa heshima. Kwa hiyo salimu kama kawaida, kisha uliza swali lisilo na jibu la mdomoni. "Leo moyo una uzito gani, kuanzia moja hadi tano?" Anayesema nne hajakosa adabu, na wewe umeshajua pa kuanzia.

Watoto wengi huwa na neno moja tu la kila kitu: nimekasirika. Aliyesahaulika siku yake ya kuzaliwa amekasirika, aliyechekwa ubaoni amekasirika, aliyefiwa na babu amekasirika. Wakati Kiswahili kina hazina kubwa: uchungu, aibu, fadhaa, upweke, wivu, kinyongo, majuto, wasiwasi, unyonge, kuvunjika moyo. Chukua neno moja kwa wiki, uliandike pembeni mwa ubao na mlizungumzie kwa dakika tano. Tofauti ya aibu na majuto ni ipi? Kinyongo hukaa mwilini wapi? Mtoto anayeweza kusema "sina hasira, nina aibu" amekwisha kufika nusu ya safari, maana aibu haitibiwi kwa kupigana.

Kwa wasiopenda kusema mbele za watu, weka sanduku lenye kufuli na vipande vya karatasi. Lifungue kila siku, tena wewe mwenyewe. Sanduku lisilofunguliwa wiki mbili huwafundisha watoto kwamba hakuna anayesoma.

Najua swali linalofuata: muda utatoka wapi, na mtaala haujaisha? Mwaka 2011 ulichapishwa uchambuzi wa programu 213 za shule zilizofundisha stadi za kihisia na kijamii, zikihusisha wanafunzi zaidi ya 270,000. Waliofundishwa walikuwa na uhusiano bora na wenzao na mienendo mizuri zaidi, na ufaulu wao ulipanda pia: ni kama mwanafunzi aliyekuwa katikati kabisa ya wenzake 100 asogee mbele nafasi 11. Stadi zenyewe hupangwa katika mafungu matano, kadiri ya mpangilio wa shirika la CASEL la Marekani lililoanzishwa mwaka 1994: kujitambua, kujimudu, kuwaelewa wengine, kujenga mahusiano, na kufanya maamuzi kwa kuwajibika. Si lazima yawe kipindi kipya kwenye ratiba. Kazi ya kikundi katika hisabati inatosha kufundisha matatu kati ya hayo, mwalimu akiamua hivyo.

Hatua ya 4: Toka nje wakati wa mapumziko

Ukitaka kujua darasa lako linaishije, usiliangalie darasani. Toka nje. Nani anakula peke yake? Nani anazunguka kundi hili na lile bila kupokelewa? Nani anabaki maktaba kila siku, na je, anapenda vitabu au anajificha?

Kisha wape wanafunzi mchoro wa shule usio na majina, wapake rangi nyekundu mahali wanapoogopa kupita. Mara nyingi watapaka vyoo, ngazi, nyuma ya majengo, foleni ya chakula na njia ya kurudi nyumbani. Mkishapata mchoro huo, badilisheni zamu za walimu ziende palipopakwa rangi. Ni kazi ya siku moja, na wanafunzi huona mabadiliko wiki hiyohiyo.

Takwimu za UNESCO za mwaka 2019 zinaonyesha kwamba karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu duniani alionewa na wenzake angalau mara moja katika mwezi uliotangulia. Ni muhimu kutofautisha uonevu na ugomvi wa kawaida. Dan Olweus, mtafiti aliyefanya kazi yake Norway na kuwa mwanzilishi wa utafiti wa uonevu shuleni, aliutambua kwa mambo matatu: unakusudiwa, unarudiwa, na kuna aliye na nguvu zaidi ya mwenzake. Nguvu yaweza kuwa ya misuli, ya umri, ya wingi wa marafiki, au ya siri anayoijua mmoja kuhusu mwingine.

Tofauti hiyo inabadilisha unachopaswa kufanya. Waliogombana unaweza kuwakalisha pamoja, kila mmoja aseme lake na wapatane. Aliyeonewa usimkalishe meza moja na aliyemwonea, wala usiwaambie washikane mikono mbele ya darasa. Nimeona walimu wema kabisa wakifanya hivyo kwa nia ya amani. Mtoto dhaifu anashika mkono huku anatetemeka, mwenzake anatabasamu, na wote wawili wameelewa kwamba hakuna kitakachobadilika. Zungumza nao mmoja mmoja. Aliyeonewa aambiwe ni hatua gani utachukua na lini utamwuliza tena. Aliyeonea aambiwe waziwazi kwamba tabia hiyo inakoma leo, apewe wajibu wa kurekebisha alichoharibu, kisha asikilizwe. Mara nyingi utakuta naye anaonewa mahali pengine. Hilo halifuti alichofanya, ila linakuonyesha kwamba adhabu peke yake haitamponya.

Wafundishe na watazamaji. Watafiti wa Kanada waliochapisha matokeo yao mwaka 2001 waliwachunguza watoto uwanjani na kuona kwamba mwenzao mmoja alipoingilia, zaidi ya nusu ya matukio yalikoma ndani ya sekunde 10. Kuingilia si kupigana. Fanyeni mazoezi darasani ya sentensi fupi za kumwondoa anayeonewa: "Njoo, mwalimu anakuita." "Twende tukacheze." Mtoto mwoga hawezi kumkabili mbabe, lakini anaweza kumshika mwenzake mkono wakaondoka.

Kuhusu simu na makundi ya mtandaoni, neno moja tu: mtoto akikuonyesha matusi aliyotumiwa, hifadhini picha za ujumbe huo kama ushahidi, wala usimnyang'anye simu yeye aliyetukanwa. Ukimnyang'anya, yeye na rafiki zake hawatakuonyesha tena.

Kwa aliyetengwa, kazi ya vikundi iliyopangwa vizuri hufanya kitu ambacho mahubiri hayawezi. Mwaka 1971, katika mji wa Austin huko Texas, Elliot Aronson alibuni njia ambayo kila mwanakikundi hupewa kipande kimoja cha somo, na wenzake hawana njia ya kukipata isipokuwa kwa kumsikiliza. Ghafla yule asiyesikilizwa ana kitu ambacho kila mtu anakihitaji. Ijaribu kwa somo dogo kwanza, na umsaidie mwenye kigugumizi au mwenye aibu kujiandaa kabla ya siku hiyo.

Hatua ya 5: Andika unachoona, si unachodhani

Dalili kubwa ni mabadiliko. Mchangamfu akinyamaza, mpole akianza kurusha viti, mwenye bidii akiacha kuandika, msafi akiacha kuoga, mfikaji wa mapema akianza kuchelewa Jumatatu tu. Kuumwa tumbo au kichwa mara kwa mara bila ugonjwa kuonekana hospitali. Kugawa vitu vyake avipendavyo. Kuvaa mikono mirefu siku ya joto kali. Kusinzia pia: kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi, na anayesinzia kila siku kuna kinachomkosesha usingizi huo, iwe simu, kazi za nyumbani, hofu au mawazo.

Weka daftari dogo linalofungiwa. Andika tarehe na ulichokiona kwa macho: "Jumanne, hakula na wenzake, Jumatano, alilala vipindi viwili." Usiandike "mvivu", "ana mapepo", "anajifanya". Daftari lenye matukio humsaidia daktari au mshauri. Lenye hukumu humdhuru mtoto likisomwa na mtu asiyestahili. Mabadiliko yakidumu wiki mbili, au yakiwa makali hata kwa siku moja, nenda hatua inayofuata.

Hatua ya 6: Kaa naye, msikilize

Usimwite kwa sauti mbele ya darasa. Mwambie pembeni, "Ukimaliza kuandika nisaidie kubeba madaftari." Chagua mahali mnapoonekana na watu lakini hamsikiki: benchi la nje, darasa lenye mlango wazi. Kaa naye ubavu kwa ubavu ikiwezekana, maana kukaa nyuma ya meza kubwa hugeuza mazungumzo kuwa mahojiano. Anza na ulichokiona:

"Wiki hii nimeona hukai na wenzako, na jana uliomba kutoka mara tatu. Nimekuwa nikikufikiria."

"Hakuna kitu, mwalimu."

"Sawa. Si lazima uniambie leo. Nipo hapa kila siku mapumziko ya pili."

Halafu nyamaza. Mtafiti Mary Budd Rowe aligundua kwamba walimu, wakishauliza swali, husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kusema tena, na wakisubiri tatu au zaidi wanafunzi hutoa majibu marefu na yenye fikra zaidi. Hayo yalikuwa maswali ya masomo. Kwa swali la moyo, hesabu hadi kumi kimoyomoyo. Ukimya huo unamchosha mwalimu kuliko mtoto.

Akianza kusema, acha ushauri. Maneno kama "jikaze", "mwanaume halii", "wenzako wana shida kubwa kuliko hii", "mshukuru Mungu" yanatoka mdomoni kwa wema, lakini mtoto anasikia moja tu: nyamaza. Rudia alichosema kwa maneno yako ili ajue umeelewa: "Kwa hiyo kinachokuumiza zaidi si kupigwa, ni kwamba dada yako aliona akanyamaza." Mshukuru kwa kukuamini. Mwulize angependa nini kitokee.

Usimwahidi siri. Akikuambia, "Mwalimu, nikikuambia usimwambie mtu," jibu ukweli: "Nitalitunza. Ila kama maisha yako au ya mtu mwingine yako hatarini, nitamwambia anayeweza kusaidia, na nitakuambia wewe kwanza nitamwambia nani." Wengi huendelea kusema hata baada ya kusikia hivyo.

Kama umepata shaka kwamba anafikiria kujiua, mwulize waziwazi: "Umewahi kufikiria kujiua?" Walimu wengi huogopa kwamba swali litampandikizia wazo. Sivyo, utafiti hauungi mkono hofu hiyo, na kuulizwa kwa upole humtua mzigo. Kujiua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya vijana duniani, hivyo tusione haya kulitaja neno lenyewe. Akisema ndiyo, usimwache peke yake hata dakika moja, hata kwenda chooni. Mwite mkuu wa shule, mpigieni mzazi au mlezi, mwondoleeni vitu anavyoweza kujidhuru navyo, na afikishwe kwa mtaalamu wa afya siku hiyohiyo.

Akikueleza kwamba anapigwa au anaingiliwa kimwili na mtu mzima, usigeuke mpelelezi. Msikilize mara moja, usimtake arudie kwa mwalimu wa pili na wa tatu, andika maneno yake kama alivyoyasema, na toa taarifa kwa mamlaka ya ulinzi wa mtoto kama sheria ya nchi yako inavyoelekeza. Kama anayetajwa yuko nyumbani, usipige simu nyumbani "kuuliza upande wa pili". Simu hiyo yaweza kumgharimu mtoto usiku huohuo.

Hatua ya 7: Mkabidhi mkono kwa mkono

Jazeni ukurasa mmoja kabla ya shida kuja: jina na namba ya mshauri nasaha, kituo cha afya, ofisa wa ustawi wa jamii, dawati la polisi la watoto kama lipo, na namba ya simu ya msaada kwa watoto ya nchi yenu. Mwanafunzi asitumwe na kikaratasi. Nenda naye, mtambulishe, kaa dakika tano, kisha uwaache. Kesho yake mwulize ilikuwaje.

Mzazi naye aitwe kwa faragha, na neno la kwanza liwe zuri na la kweli kuhusu mtoto wake. Mzazi aliyezoea kuitwa kwa mashtaka huja akiwa amekwisha kumchapa mtoto.

Hatua ya 8: Jiandaeni kwa siku anaporudi

Mtoto aliyekosa shule kwa msiba, ugonjwa au jambo zito zaidi huogopa siku ya kurudi kuliko anavyosema. Mpigie siku moja kabla. Mwulize angependa wenzake waambiwe nini, na usiongeze hata neno. Mpangie mtu wa kuingia naye langoni. Kazi alizokosa zipunguzwe hadi zile za lazima, zikiwa na tarehe zinazowezekana. Mpe ishara ya kutoka darasani bila maelezo, mathalani kuweka kalamu nyekundu juu ya meza, na mwalimu wa kila somo aijue. Wiki tatu baadaye, wakati kila mtu ameshasahau, mfuate tena. Wiki ya kwanza alikuwa na watu wengi wa kumpa pole. Ya tatu huwa hana.

Hatua ya 9: Walimu nao

Mwalimu aliyebeba siri nzito mchana kutwa hawezi kusikiliza nyingine jioni. Asiwepo mwalimu mwenye wanafunzi wawili walio katika hali mbaya kwa wakati mmoja ikiwa mwenzake hana hata mmoja, pokezaneni. Baada ya mazungumzo mazito, apewe robo saa ya kunywa maji na kukaa na mwenzake kabla ya kipindi kinachofuata. Asitaje jina la mtoto, aseme tu lilivyomgusa.

Hatua ya 10: Rudieni orodha mwisho wa muhula

Bandikeni majina upya na mhesabu yaliyobaki matupu. Linganisheni mahudhurio ya wale mliogawana, mwezi wa kwanza na wa mwisho. Kisha waulizeni wanafunzi wenyewe kwa karatasi isiyo na jina, maswali matatu. La kwanza: kuna mtu mzima hapa shuleni ambaye ungemwendea ukiwa na shida? La pili: wiki hii kuna siku uliogopa kuja shule? Hayo mawili yajibiwe kwa ndiyo au hapana, ili hata mdogo kabisa ajibu haraka na mwenzake asione anaandika nini. La tatu: kuna jambo gani ambalo walimu hawalijui kuhusu maisha ya hapa? Kwa hilo acheni nusu ukurasa mtupu, na muda wa kutosha wa kuujaza.